Ukurasa wa Uhuru

Alhamisi ile Mwalimu Dorothy alisahihisha madaftari arobaini na saba ya darasa la sita, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze alicheka akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Swali lilikuwa jepesi: Eleza maana ya uhuru wa mtu binafsi, kisha toa mfano mmoja kutoka nyumbani kwenu. Maana walikuwa wameikariri wote, neno kwa neno, kama alivyowaandikia ubaoni: ni haki ya mtu kuamua mambo ya maisha yake mwenyewe bila kulazimishwa, ilimradi asimdhuru mwenzake. Vituko vilikuwa kwenye mifano. Mmoja aliandika kwamba uhuru wa mtu binafsi ni baba kula nyama peke yake jikoni. Mwingine, kaka yake kunyoa kiduku. Binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma aliandika, "Bibi yangu hataki kuvaa viatu na hakuna wa kumwambia."

Dorothy alimpa huyo alama zote, akaandika pembeni "Vizuri sana", akafunga daftari. Kisha akachukua simu, akampigia Rajabu mwenye kirikuu, kigari cha mizigo, kuthibitisha kwamba kesho saa nane mchana wangeondoka pamoja Masasi kwenda kijijini Mkunya, kumhamisha mama yake ambaye hakutaka kuhama.

Wala hakuona tatizo. Binadamu ndivyo tulivyo. Asubuhi tunafundisha, mchana tunafanya kinyume, na jioni tunakula tukashiba. Dorothy hakuwa mtu mbaya, tena kwa mama yake alikuwa na huruma kupita kiasi, na hapo ndipo tabu yote ilipoanzia.

Mama yake, Anastasia, alikuwa na miaka sabini na minne na aliishi peke yake tangu mumewe afariki. Mwaka uliopita, mwezi wa Machi, aliteleza akitoka chooni, akalala pale chini kuanzia asubuhi hadi jua la utosini, mpaka mpita njia aliposikia sauti yake. Mguu ulipona. Aliyeugua moja kwa moja ni Dorothy. Tangu siku hiyo alilala na simu chini ya mto. Ikilia alfajiri, kabla hajaangalia ni nani, alikuwa ameshaketi kitandani. Mara mbili alimwamsha mumewe, Isaka, akilia kwa sababu ya simu za watu waliokosea namba. Isaka mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi mlete mama aje akae hapa, upate usingizi." Wakamnunulia kitanda, wakamwachia chumba cha mbele, wakatundika na pazia jipya.

Kilichobaki kilikuwa mama mwenyewe. Kila alipoambiwa alijibu, "Nitakuja kuwatembelea." Kila aliposisitizwa, simu yake iliishiwa chaji.

Halafu Jumatano akapiga Cuthbert. Huyu alikuwa jirani wa mama na mzee wa kanisa, mtu mwema ambaye shughuli za watu zilimpunguzia usingizi kuliko shughuli zake. Alisema kwa sauti ya msibani, "Dada Dorothy, mama yako ameanza kuchanganyikiwa. Msimu ndio huu, korosho zinaanguka, watu tunashindana na jua. Yeye anaokota, anazirundika kwenye shina la mkorosho, halafu anaondoka anaziacha. Nimemuuliza mama, hizi korosho vipi? Ananijibu si zake. Shambani kwake mwenyewe! Nimeona nisinyamaze."

Dorothy alimshukuru, akakata simu, akakaa juu ya kile kitanda kipya. Hofu aliyokuwa nayo siku zote ilikuwa ya mama kuanguka mwili. Hakuwa amewaza kwamba mama angeweza kuanguka akili. Alimpigia mjomba wake Benedikto palepale, wakakubaliana: Jumamosi asubuhi kikao cha familia, na kirikuu kiwe kimeshafika.

Walifika Mkunya Ijumaa jioni, jua likiwa bado juu ya mikorosho. Rajabu alimshusha Dorothy na begi lake, akageuza kwenda kulala gesti Newala mjini. Mama alikuwa amesimama mlangoni, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, amekonda kidogo lakini amenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu." Macho yake yalikuwa yanafuata vumbi la gari. "Lile gari la kubebea mizigo umekodi la nini?"

"Nilikosa usafiri mwingine, mama."

"Aha," mama alisema, na jinsi alivyoisema ile "aha" Dorothy alijiona ana miaka tisa, ameulizwa sukari imekwenda wapi.

Nyumba ilikuwa safi. Hilo lilimshangaza. Sakafu imefagiwa, kuni zimepangwa, na pipa la maji limejaa hadi juu, wakati kule uwandani kwao maji ya bomba hutoka wiki hii na wiki inayofuata watu hubaki kuyasimulia. Dorothy alitaka kuuliza nani amejaza pipa, lakini mama alikuwa amekwisha kusonga ugali wa muhogo, na kisamvu kilikuwa kinanukia, na safari ilikuwa imemlegeza. Walikula. Wakaongea habari za Huruma, binti yake Dorothy aliyekuwa darasa la sita hilohilo, ambaye alikaa na bibi likizo yote ya mwezi wa sita. Hakuna aliyetaja chumba cha mbele wala kitanda.

Asubuhi aliamka akaona mama hayupo. Alichungulia dirishani, na alichokiona kilimfanya ashike nondo za dirisha kwa mikono miwili.

Mama alikuwa shambani na kikapu chake. Aliinama chini ya mkorosho wa kwanza, akaokota bibo, lile tunda la mkorosho, akakonyoa korosho yake, akaitia kikapuni. Akaokota jingine, na jingine, upesi, kama alivyokuwa akiokota zamani, Dorothy akiwa mgongoni mwake. Akasogea kwenye mkorosho wa pili, mkubwa, ule ulio karibu na nyumba. Hapo akaokota bibo jekundu, akalifuta kwenye khanga, akalila taratibu huku maji yakimtiririka kidevuni. Kisha akashika goti lake bovu, akainama kwa shida, akaiweka ile korosho moja juu ya rundo lililokuwa shinani. Akaondoka na kikapu. Rundo akaliacha.

Kwenye wa tatu, wa nne na wa tano akafanya vilevile; kwenye mkorosho wa sita akarudi kutia kikapuni.

Mkono ni uleule, asubuhi ileile, hatua kumi kati ya mti na mti. Dorothy alilia pale dirishani. Angeona mama ameacha zote angesema amechoka. Lakini hii ya kukumbuka hapa na kusahau pale, akili kuja na kuondoka kama umeme wa mgao, ilimkata maini. Aliosha uso. Mama aliporudi alimuuliza kwa upole, kama anavyowauliza watoto wa darasa la kwanza wasije wakalia, "Mama, kule kwenye ile mikorosho minne, mbona korosho unaziacha chini?"

Mama aliweka kikapu, akamwangalia. "Mmekuja kuniuliza au mmekuja kunibeba?"

"Nauliza tu, mama."

"Si zangu," mama alisema, akaingia ndani kuchemsha chai.

Kikao kilianza saa tatu barazani. Mjomba Benedikto alikuwa mdogo kwa mama kwa miaka saba, lakini yeye ndiye mjomba, na kwa Wamakonde neno la mjomba halipiti pembeni. Alikuja amevaa koti ingawa joto lilikuwa limeshapanda. Cuthbert alikuja na Biblia. Rajabu alikuwa ameegesha kirikuu uani, ubao wa nyuma umefunguliwa tayari, naye akajiondokea kwenda kuzungukazunguka shambani, maana mambo ya familia ya watu hayamhusu dereva.

Cuthbert aliombwa afungue kwa sala. Alisali dakika kumi. Alimweleza Mungu kesi nzima, tangu mguu hadi korosho, akamkumbusha na tarehe, hata mama akafumbua jicho moja kuangalia kama bado yupo kwenye sala au ameshaanza ushahidi.

Mjomba akasafisha koo. "Dada, hatujaja kukugombeza. Umri umekwenda. Huyu mtoto ana nyumba nzuri Masasi, ana bafu la ndani, hospitali iko jirani. Shamba mimi nitaliangalia. Tumeona leo uende naye."

"Mmeona," mama alisema.

"Tumeona, dada."

Mama akageuka, hakumtazama mdogo wake, alimtazama Dorothy. "Huruma alipokuwa hapa likizo alinisomea daftari lake lote. Mimi macho ya kusomea yameisha, lakini masikio yapo. Ukurasa mmoja nilimwambia aurudie. Akaurudia mara tatu, mpaka akachoka, akaniambia bibi na wewe una mtihani? Mwalimu, uhuru wa mtu binafsi ni nini?"

Dorothy alihisi masikio yanawaka. "Mama, yale ni mambo ya darasani."

"Basi nitasema mimi. Ni haki ya mtu kuamua mambo ya maisha yake mwenyewe bila kulazimishwa, ilimradi asimdhuru mwenzake." Aliyasema bila kukwama, vizuri kuliko nusu ya darasa. "Haya. Nimemdhuru nani?"

Kuku alipita katikati ya kikao na vifaranga wake, na wote wanne wakamwangalia kwa shukrani.

Mjomba ndiye aliyejibu, na si kwamba alikuwa mjinga. "Dada, maneno hayo nayafahamu, hata redioni wanayasema. Lakini kuamua ni kazi ya akili. Mtu akianza kuziacha korosho zake chini, akisema si zake, sisi wenzake tufanye nini? Tukae tuseme ni uhuru wake? Uhuru wake tunamtunzia, kama tunavyomtunzia mtoto. Huko ndiko kupendana."

"Nangu si mtoto," mama alisema. Akikasirika, Kimakonde ndicho kilichotangulia. "Mimi si mtoto, Benedikto. Mimi nimekubeba wewe mgongoni."

Cuthbert aliinua kidole. "Lakini korosho, mama. Korosho."

Moyoni Dorothy alijua mjomba amegusa penyewe. Alifikiria ile maana aliyoiandika ubaoni miaka kumi na mbili mfululizo, akaona ina tundu. Alipaswa kuandika pale mwisho, ilimradi akili yake ni timamu. Angekuwa ameandika hivyo, sasa hivi asingeona aibu hii. Na papo hapo akajichukia, maana aligundua anatafuta neno la kumfungia mama yake mlango. Akageuza uso kutazama shambani, ili mama asione machozi.

Rajabu alikuwa kule, chini ya ule mkorosho mkubwa. Amechoka kusubiri, ameokota bibo. Alilifuta kwenye shati, akalila, akatema makapi. Kisha, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake, akasogea hatua mbili, akainama, akaiweka korosho shinani. Akaokota bibo la pili. Akala. Korosho akaiweka shinani, juu ya lile rundo la mama.

Dorothy aliinama mbele ili aone vizuri.

Nani asiyeyajua hayo? Hakuna mtoto wa Newala aliyefikisha miaka mitano bila kufundishwa, na wengine kwa fimbo. Ukipita shamba la mtu na njaa au kiu imekushika, bibo kula, hakuna atakayekuuliza. Korosho ni ya mwenye mti. Unaikonyoa, unamwekea shinani aikute, unakwenda zako. Rajabu alikuwa mgeni shambani pale, na alifanya kama mgeni mwenye adabu anavyofanya.

Na mama alikuwa anafanya vilevile. Hatua kwa hatua, hata kule kuinama na goti bovu. Wao wote waliozaliwa chini ya mikorosho, mjomba, mzee wa kanisa, mwalimu mzima wa Uraia na Maadili, walikuwa wameiangalia adabu ya kwao wenyewe wakaiita wazimu, kwa sababu haikuwajia kwamba mtu anaweza kuwa mgeni kwenye mti alioupanda mwenyewe. Mtu wa kutoka mbali angeuliza swali moja tu akaelewa. Wao walijua mno hata swali hilo hawakuliuliza.

"Mama," Dorothy alisema. "Ile mikorosho minne ni ya nani?"

Mama alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu. "Eeh. Sasa umeuliza."

"Ya nani, mama?"

"Ya Shakila. Mama Rehema wa pale ng'ambo ya njia. Nilimpa mwaka jana, mwezi wa tano, mguu ulipopona. Minne iliyo karibu na nyumba, korosho zake zote ni zake, mpaka nife. Mabibo nikila nakula kama mpita njia. Yeye ananiletea maji, ndoo mbili kila siku, asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Na kila alfajiri akiamka kwa ajili ya swala, kabla hajafanya lolote, anakuja kugonga dirisha langu. Nikijibu anakwenda. Nisipojibu, ufunguo mwingine anao yeye."

Dorothy alifunika mdomo kwa kiganja. Kila alfajiri. Miezi kumi na saba alikuwa analala na simu chini ya mto, akingoja habari, na miezi yote hiyo kulikuwa na mtu anayegonga dirisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, ungemwambia mjomba wako. Mjomba wako angesema nimegawa mali ya ukoo kwa mtu wa nje."

"Na ndivyo ninavyosema!" Mjomba alikuwa amesimama, koti limefunguka. "Dada, mikorosho unampa jirani? Tena bila kikao?"

"Kaa chini, Benedikto. Ardhi ni ya ukoo, sijaigusa. Mti je? Mti kwetu ni wa nani?"

Mjomba jibu alilijua, na lilimkera kwa sababu alilijua. "Wa aliyepanda," akasema mwishowe.

"Nani aliipanda ile?"

"Wewe."

"Nilipanda nikiwa na mimba ya huyu hapa, na maji ya kumwagilia nikiyapandisha kichwani kutoka bondeni. Hukuwepo. Ulikuwa Lindi unajifunza ushonaji." Alisema hivyo bila ukali, na mjomba akakaa. Baadaye, akinywa chai, alikiri kwamba kama angekuwa yeye, angempa Shakila mitatu tu.

Cuthbert alikuwa amefungua Biblia mahali popote na alikuwa anasoma kwa bidii sana. "Nami nilisema ukweli," alinong'ona. "Korosho niliziona."

"Uliziona, mwanangu," mama alisema. "Na mimi nikakuambia si zangu. Ulitaka nikujibu mara ngapi?"

Shakila mwenyewe aliingia uani wakati huo, ndoo kichwani, mtandio umefungwa nyuma. Aliona gari lenye ubao wazi, akaona wazee, akasimama. Uso wake ulibadilika, maana mtu yeyote angejua maana ya gari lile.

"Shikamooni. Hujambo, Mama Huruma." Akaonyesha gari kwa kidole. "Mnamchukua mama?"

Dorothy aliinuka. Alikwenda kumtua ndoo ile yeye mwenyewe, maji yakammwagikia kifuani, na hakujali. Alimshika Shakila mikono yote miwili. "Alfajiri," alisema tu. "Unagonga dirisha kila alfajiri."

"Huwa ananijibu kwa ukali," Shakila alisema. "Ananiambia bado sijafa, nenda kaswali."

Mama alicheka kwanza. Kisha mjomba, kisha wote, mpaka Cuthbert, na Dorothy alicheka huku analia, kicheko cha mtu aliyebeba gunia kichwani mwaka mzima na ghafla akaambiwa tua hapa. Akaketi kwenye ngazi ya baraza. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alivuta pumzi ikafika mpaka chini.

Rajabu alikuja anafuta mikono. "Jamani, nianze kupakia?"

"Hakuna cha kupakia," Dorothy alisema.

"Lipo gunia la muhogo mkavu," mama alisema, "na mbaazi za Huruma. Gari lisirudi tupu, tutachekwa."

Waliagana mchana, baada ya kula. Shakila alikuwa ameshapita na kapu lake, ameyazoa marundo yote manne pamoja na korosho za Rajabu. Mjomba alimpa mkono kwa heshima, kama mtu anayepokea ndugu mpya na bado hajaamua vizuri. Cuthbert aliombwa afunge kwa sala, na kwa rehema za Mungu ilikuwa fupi.

Mama alimsindikiza Dorothy mpaka chini ya mkorosho mkubwa. Walisimama pale, kivuli kikiwa kizito na mabibo yakianguka moja moja.

"Una hasira na mimi?" Dorothy aliuliza.

"Nilikuwa nayo. Jana usiku nilitaka nikuambie, nikasema hapana, huyu ni mwalimu, acha auone mtihani mwenyewe." Alirekebisha khanga kichwani. "Unajua Doroti, mimi sikutaka kuachwa peke yangu. Nani anataka hilo? Nilitaka kuulizwa kwanza."

Dorothy aliitikia kwa kichwa. Alitazama kule kwenye gari, ambako gunia la muhogo lilikuwa limekaa peke yake mahali palipopangiwa maisha yote ya mama yake, akaona moyo wake mwepesi. "Kile kitanda nitakiuza."

"Usikiuze. Krismasi nitakuja, nikitaka."

"Utataka?"

"Niulize Desemba."

Bibo lilianguka karibu na mguu wake, la njano, limeiva barabara. Dorothy aliliokota, akalifuta, akaling'ata, na utamu ule wenye ukakasi ulimrudisha utotoni moja kwa moja. Alilimaliza lote. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kukonyoa korosho na kuitia kwenye mkoba, kama vilivyofanya maelfu ya mara chini ya mti uleule, alipokuwa akimsaidia mama kuokota. Alifunga zipu, akambusu mama, akaanza kuondoka.

"Doroti."

Aligeuka. Mama alikuwa amenyoosha kidole kwenye mkoba.

Dorothy alijipiga kofi kwenye paji la uso. Alirudi, akafungua zipu, akapapasa kati ya madaftari ya darasa la sita mpaka akaipata. Kisha mwalimu wa Uraia na Maadili akainama, gauni lake la safari likiburuza mchangani, akaiweka korosho ya Shakila shinani.

"Sasa nenda," mama alisema. "Na usiku uzime simu, ulale."